Bara brith: mkate wa chai na matunda makavu, unaokwa kwa jiko la mkaa

Haya wadau, leo siasa na soka tuziweke pembeni kidogo, tuingie jikoni. Hii ni makala ya kuhifadhi. Iprinti, au inakili kwenye daftari, maana ukishakaa mbele ya jiko hutakuwa na muda wa kurudi kafe kuangalia umesahau nini.

Mkate wenyewe unaitwa bara brith. Hilo neno "bara" halihusiani na Tanzania Bara hata kidogo. Ni Kiwelisi, maana yake mkate, na "brith" ni madoadoa. Mkate wa madoadoa basi, na madoadoa yenyewe ni zabibu kavu. Asili yake ni Welisi, ile nchi ya Ryan Giggs na Gareth Bale ambayo kwenye luninga inaandikwa Wales. Wenyewe wanaukata vipande, wanapaka siagi, wananywea chai. Waliohama kwao kwenda Ajentina mwaka 1865 kwa meli iliyoitwa Mimosa walikwenda na mapishi ya kwao, na huko Patagonia hadi leo kuna nyumba za chai zinazouza keki nyeusi ya matunda ambayo ni kama binamu yake huu.

Sasa mtu wa Nachingwea au Ruangwa unamhusu nini? Unamhusu kwa sababu moja kubwa: hauna mafuta. Hauna siagi, hauna Blue Band, hauna maziwa. Hauhitaji mashine ya kupigia mayai wala oveni ya umeme. Ukiokwa vizuri unakaa siku nne mpaka tano bila friji, na siku ya pili ni mtamu kuliko siku ya kwanza. Kwa kijana anayetafuta kitu cha kuuza pembeni ya maandazi na chapati, hiyo siyo habari ndogo. Andazi la jana nani anataka?

Na hapo kwenye mafuta kuna hadithi yetu wenyewe. Nachingwea mji huu tunaoujua ulikuzwa na njaa ya mafuta ya Waingereza. Baada ya vita kuu ya pili kwao mafuta ya kula yaliadimika. Siagi, mafuta ya kupikia, sukari na chai vilikuwa vinagawiwa kwa kadi. Mgao wa vyakula ulianza Januari 1940 na haukuisha kabisa mpaka Julai 1954. Ndipo serikali yao ikaja na mradi wa karanga: kulima ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika, ili wakamue mafuta. Kazi ikaanza mwaka 1947, na maeneo yalikuwa matatu, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wakajenga bandari ya Mtwara, wakaleta reli mpaka Nachingwea. Januari 1951 mradi ukafutwa baada ya kula mamilioni ya pauni (hesabu inayotajwa sana ni milioni 36), na karanga zenyewe zilikuwa kidogo mno. Reli nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Yaani walivuka bahari kutafuta mafuta huku kwao kuna mkate usiotaka tone la mafuta! Kwa watu wa kadi za mgao, mkate wa namna hii ulikuwa na maana yake.

Tuendelee na jiko.

VITU VYA KUANDAA

Kama huna mizani usihangaike. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, weka maji nusu yake, mimina kwenye kikombe chako uone yanaishia wapi, weka alama. Hicho ndicho kikombe cha makala hii, robo lita. Vikombe vya chai vya mgahawani ni vidogo kuliko hicho na ndivyo vinavyowaharibia watu mkate, kwa hiyo pima kwanza.

Utahitaji vikombe 2 vya matunda makavu, kikombe kimoja na robo cha chai ya rangi iliyokolea, nusu kikombe cha sukari, vikombe 2 vya unga wa ngano wa kawaida wa chapati, vijiko vya chai 3 vya beking pauda, yai moja, kijiko cha chai kimoja cha mdalasini wa unga, na chumvi kidogo ya kushika kwa vidole viwili. Ukiwa na iliki, karafuu au kungumanga, weka kidogo. Karafuu isizidi, ikizidi mkate unanuka kama dawa ya meno. Wenyewe Welisi wanapenda sukari ya rangi nyeusi. Sukari yetu ya kahawia inafaa kabisa, na sukari guru ukiikwangua inafaa zaidi.

Tuelewane kuhusu beking pauda, maana dukani utaambiwa "chukua hii, ni kitu kilekile". Siyo kitu kilekile. Hamira ni chachu, inataka muda wa kuumua. Beking pauda inafanya kazi ikipata maji na moto. Magadi soda ni kitu cha tatu. Ukikosa beking pauda ukapata magadi soda (ile nyeupe ya pakiti, siyo magadi ya mawe ya kulainishia maharage), tumia nusu kijiko cha chai na uongeze kijiko kikubwa kimoja cha maji ya ndimu. Bila ndimu mkate utatoka na ladha ya sabuni, na chai itaugeuza mweusi ti.

MATUNDA: HAPA NDIPO PESA INAPOKWENDA

Zabibu kavu ndiyo kitu cha gharama kwenye mkate huu. Dodoma zabibu zinalimwa, lakini nyingi zinaishia kwenye mvinyo, na zabibu kavu za pakiti unazozikuta dukani kwetu bei yake unaijua. Ukiweka vikombe viwili vya zabibu tupu na ukataka kuuza kipande kwa bei ya andazi, umejipiga mwenyewe. Ushauri wangu ni nusu zabibu, nusu matunda mengine.

Tende ni nzuri sana, na mwezi wa Ramadhani zinapatikana kila kona. Toa kokwa, katakata vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, na punguza sukari iwe robo kikombe. Embe lililokaushwa linafaa. Nanasi lililokaushwa linafaa. Papai lililokaushwa linafaa, ila halina ladha kali, linajaza nafasi tu.

Halafu kuna bibo.

Hapa nataka tukae kidogo. Kila msimu, kuanzia kama Oktoba hivi, mikorosho ya Ruangwa, Nachingwea na Liwale inaangusha mabibo kwa wingi usiosemeka. Korosho inaokotwa, inakaushwa, inapelekwa chama cha msingi, inaingia mnadani kupitia RUNALI (jina lenyewe limetokana na herufi za wilaya hizohizo tatu). Bibo linabaki chini. Na bibo lina uzito mara kadhaa wa korosho iliyoning'inia mwishoni mwake! Kidogo kinaliwa na watoto, kiasi kinakaushwa kwa ajili ya pombe, kingine chote kinaoza chini ya mti. Tunda lenye vitamini C nyingi kuliko chungwa linaliwa na nzi.

Tatizo la bibo ni ule ukakasi unaokaba koo. Namna ya kuupunguza ni hii: okota mabibo yaliyoanguka leo asubuhi, yasiyopasuka, maana bibo halivumilii, kesho limeshachacha. Osha, ng'oa korosho, kata vipande vyembamba. Chemsha dakika tano mpaka kumi kwenye maji yenye chumvi kidogo, mwaga yale maji, suuza. Kisha tandaza juu ya chanja, siyo chini na siyo kando ya barabara ya vumbi, funika kwa neti dhidi ya nzi, anika juani siku mbili mpaka nne. Jioni ingiza ndani, umande usije ukarudisha kazi nyuma. Yakishakuwa kama ngozi laini, yanakunjika bila kutoa maji, yako tayari. Tunza kwenye chombo kikavu chenye mfuniko.

Ukakasi hautaisha wote. Ndiyo maana nasema changanya nusu kwa nusu na zabibu au tende, utamu wa hizo unaufunika. Na tafadhali usije ukauza mkate huu kwa kudai unatibu mafua kwa sababu ya vitamini C. Vitamini hiyo haipendi jua wala moto, kwa hiyo mpaka mkate unaiva, sehemu kubwa imeshapotea. Uza mkate kama mkate.

Korosho zenyewe pia unaweza kuweka, robo kikombe hivi. Tafuta vipande, siyo nzima. Bei yake iko chini na kwenye mkate ungezikata tu. Ziwe zimebanguliwa na kukaangwa. Karanga za kukaanga nazo sawa, na kwa historia ya Nachingwea zina haki ya kuwemo.

USIKU: LOWEKA

Chemsha chai ya rangi, kali, ile ambayo bibi akiiona anauliza kama umemwaga pakiti nzima. Majani ya Mufindi, ya Njombe au ya Tukuyu, yote sawa. Usiweke maziwa. Usiweke tangawizi nyingi. Chuja. Ikiwa bado ya moto mimina juu ya matunda na sukari kwenye bakuli, koroga, funika, nenda kalale.

Usiku kucha yale matunda yanakunywa chai na kuvimba. Hii ndiyo siri ya mkate wote. Unyevu ambao kwenye keki unaletwa na mafuta, hapa unaletwa na matunda yaliyoshiba chai. Ukiruka hatua hii kwa haraka zako, matunda makavu yatafyonza maji ya unga ndani ya moto, na utapata mkate mkavu wenye vipande vya mpira.

Asubuhi utakuta kuna mchuzi mweusi umebaki kwenye bakuli. Usiumwage! Watu wengi wanauchuja kwa kudhani ni uchafu. Huo ndio maji ya unga wako na ndiyo sehemu ya sukari yako.

ASUBUHI: CHANGANYA

Hakikisha mchanganyiko umepoa kabisa, la sivyo yai litaiva humo ndani vipande vipande. Piga yai, tia, koroga. Chekecha unga pamoja na beking pauda, chumvi na viungo, mimina juu ya matunda, changanya kwa mwiko mpaka usione unga mkavu. Basi, acha hapohapo. Huu siyo unga wa chapati, haukandwi. Ukikoroga sana unakuwa mgumu. Uzito unaotakiwa ni mzito kuliko wa vitumbua: ukiinua mwiko, unga unaanguka taratibu, kwa donge. Ukiwa kama zege ongeza vijiko viwili vitatu vya chai iliyobaki. Ukiwa mwepesi ongeza unga kidogo.

Chombo: sufuria ndogo au bati la mkate. Makopo ya rangi ya nyumba hapana, hata uyaoshe mara mia. Ndani paka mafuta kidogo ya kuzuia kugandia, au fanya hivi: chukua jani la mgomba, lipitishe motoni mpaka lilegee, tandika ndani ya chombo. Mkate hautagandia na utakuwa umeokoa hata lile tone la mafuta. Gazeti usitumie, wino wake siyo chakula.

MOTO

Wenye oveni: nyuzi 160 mpaka 170, saa moja mpaka saa moja na robo. Nyie mmemaliza, nendeni.

Tuliobaki na jiko la mkaa: chukua sufuria kubwa yenye mfuniko mzito usio na mpini wa plastiki. Weka mchanga mkavu, safi, wa kina cha vidole viwili. Juu ya mchanga panga mawe madogo matatu ya kukalishia chombo chako ili kisiguse mchanga. Funika, washa, acha sufuria ipate joto kama robo saa.

Kanuni ya kuoka kwa mkaa ni moto kidogo chini, moto mwingi juu. Chini weka vipande sita mpaka nane vya ukubwa wa yai, juu ya mfuniko weka mara mbili ya hivyo. Wengi wanafanya kinyume kwa sababu mkono umezoea kupika ugali, halafu wanashangaa mkate umeungua kitako na katikati ni uji. Kupima joto, nyunyiza unga mkavu kwenye kisahani cha bati, weka ndani, funika dakika tano. Ukigeuka rangi ya chai ya maziwa, moto uko sawa. Ukiwa mweupe vilevile ongeza mkaa juu. Ukiwa kahawia ya kuungua, punguza chini.

Ingiza mkate, funika, na usifunue kwa dakika 40 za mwanzo. Najua unatamani kuchungulia. Kila ukifunua joto lote linatoka, na mkate ambao bado haujashika unaanguka katikati kama shimo la mfinyanzi. Baada ya nusu saa ongeza mkaa uliokwisha shika moto juu ya mfuniko, chini usiguse. Ikifika saa moja chomeka njiti ya chelewa katikati. Ikitoka na unga mbichi rudisha kwa robo saa. Ikitoka safi, au na utelezi wa zabibu tu, umeiva.

Mambo mawili ambayo siyo ya utani. La kwanza, okea nje au kwenye banda lililo wazi. Mvua isikufanye uingize jiko chumbani na kufunga mlango. Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi ambayo haina harufu wala rangi. Unasikia kichwa kizito, usingizi, na huamki. La pili, usiongeze moto kwa maganda ya korosho. Yana mafuta yanayobabua ngozi, na moshi wake unachoma macho na koo. Viwandani kuna wanaoyachoma kwenye tanuri maalumu, lakini jiko la mkate hapana.

KUKATA, KUTUNZA, KUUZA

Ukiutoa acha upoe kabisa kabla ya kukata. Ukikata wa moto unabomoka na utasema makala ni ya uongo. Ukishapoa ufunge kwenye kitambaa safi kisha kwenye chombo chenye mfuniko, kata kesho yake. Msimu wa mvua na joto la unyevu usiuamini zaidi ya siku tatu. Ukiona doa la kijani ni la kutupa, siyo la kukwangua.

Kwa vipimo hivi mkate unatoka na uzito wa karibu gramu 900. Unakatika vipande 12 vya maana. Kabla ya kutangaza bei, kaa na karatasi: andika bei ya zabibu, unga, sukari, yai, beking pauda, chai, na mkaa. Mkaa wengi wanausahau kwa kuwa uko tu hapo nyumbani, na saa moja na nusu ya moto siyo bure. Jumlisha, gawanya kwa 10 badala ya 12, maana vipande viwili vitaliwa na wadogo zako, tusidanganyane. Hiyo ndiyo gharama ya kipande. Ukiweza kuwasha moto mmoja ukaoka mikate miwili mfululizo, mkaa wa mkate wa pili unapungua sana, sufuria imeshapata joto.

Wateja wa kuanza nao siyo wa dukani. Ni mama ntilie wa chai ya asubuhi, ofisini, stendi, na uwanjani siku Namungo wanacheza nyumbani Ruangwa. Ukifika hatua ya kuufunga kwenye mfuko wenye jina lako na kuuweka dukani, hapo nenda SIDO uulize, na ujue kwamba tangu 2019 usimamizi wa vyakula umetoka TFDA umekwenda TBS.

Kwa wazee wa pwani mkate huu hautakuwa mgeni sana. Mkate wa kumimina wa mchele na nazi nao kuna wanaoupamba kwa zabibu juu, na unaokwa kwa moto wa juu na chini vilevile. Na bara brith ya zamani haikuwa ya beking pauda, ilikuwa ya hamira: unga wa mkate wa kawaida, unachanganyiwa matunda na viungo, unaachwa uumuke, unaokwa. Ukitaka hiyo, tumia hamira kijiko kimoja cha chai badala ya beking pauda, matunda yachujwe vizuri, ile chai iliyochujwa uitumie ikiwa vuguvugu kukandia unga kidogo kidogo, usubiri saa moja na nusu uumuke. Ni tamu, lakini inakuwa mkavu siku ya pili, kwa biashara siipendekezi.

Atakayejaribu na bibo atuandikie hapo chini kwenye maoni alilichemsha dakika ngapi na ukakasi ulibaki kiasi gani, na aseme bibo lilikuwa jekundu au la njano.